Wekundu wa Mpaka

Printa ya zamani ilikuwa ya wino wa maji, na mvua ndiyo iliyoitia aibu. Ramani iliyotoka ofisini asubuhi ikinyeshewa shambani, mpaka mwekundu unatambaa hadi kwenye kisima cha jirani, na wenye mashamba wanaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. "Ramani hii inahama," Mkanda alisema siku moja, akiikung'uta maji. "Tuifunge kamba." Ndipo Mjomba akakubali, baada ya kukataa mara nyingi, kwamba ofisi itafute mashine ya leza ya rangi, ile inayochapa, inayotoa nakala na kuskani, yote kwa pamoja.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mbao. Mjomba alikuwa mpima ardhi tangu ujana wake. Mkanda, aliyemshikia mkanda wa kupimia miaka yote hiyo, alipenda kusema kwamba jina lake halisi limeshasahaulika hata na mkewe. Wa tatu alikuwa mpwa wa Mjomba, binti wa dada yake, aliyelelewa nyumbani kwake tangu mama yake alipofariki. Walimwita Rula, kwa urefu wake na kwa kunyooka kwake. Leseni ya upimaji alikuwa nayo, lakini ramani zote bado zilitoka kwa sahihi ya Mjomba, naye hakuona ubaya. Fahali wawili hawakai zizi moja, na yeye hakujiona hata ndama.

Wakala wa kuuza mashine alileta mbili za majaribio, akazipanga mezani ubavu kwa ubavu. "Zijaribuni mpaka zilie," alisema, "kisha mniambie ipi ibaki." Akashuka ngazi mbio, alikuwa na wateja wengine.

Rula hakungoja kuambiwa mara mbili. Alianza na rangi nyeusi peke yake. Alizilisha karatasi nyembamba na nene, akachapa upande mmoja na pande zote mbili, akaskani ramani kuukuu ambazo mikunjo yake ilikuwa imegeuka matundu. Mashine ya kwanza ilikuwa na mbio, lakini ikipewa karatasi nene inakwama na kupiga kelele kama aliyekanyagwa. Ya pili ilikuwa nzito kuamka. Asubuhi ilinguruma muda mrefu kabla ya kutoa chochote, ila ikishaamka haikosei. Rula alilowesha kidole akasugua mistari. Haikutoka. Akaweka karatasi chini ya bomba. Haikutoka. Mkanda akapiga makofi.

Katikati ya wiki akaingia kwenye rangi. Alichukua kazi halisi, kiwanja cha dada wawili waliotaka kugawana urithi wao: mpaka mwekundu, njia ya kupitia ya kijani. Mashine nzito ikatoa sawasawa. Ile ya mbio ikatoa kioja. Njia ya kijani ilikuwepo, lakini mpaka ulikuwa wa manjano hafifu, kama doa la mchuzi lililofuliwa likagoma kutoka. Rula alifungua mlango wa mashine na kuona kisa chake: kwenye katriji ya wino mwekundu, utepe wa kuzibia wino haukuvutwa, ikabaki manjano tu ambayo huchanganywa nao. Haraka za wakala.

"Katuletea chai bila majani," alijisemea akicheka, akazichukua karatasi zote mbili ili Mjomba naye acheke.

Alimkuta dirishani. "Mjomba, hebu amua. Ipi?"

Mjomba alizipokea, akazisogeza kwenye mwanga, akazitazama moja baada ya nyingine. Alipitisha kidole gumba juu ya karatasi. "Hii," akasema, akiinua ile ya mashine ya mbio. "Wekundu wake umetulia. Hiyo nyingine umekolea mno."

Rula aliangua kicheko. Mjomba alikuwa bingwa wa kutania huku uso umekauka. Lakini safari hii hakutabasamu baadaye. Alisimama na karatasi mkononi, amekaza shingo, kama mtu anayesikiliza hatua nje ya mlango.

Kwenye kona, Mkanda alikuwa anafuta tope kwenye miguu ya darubini ya kupimia. Akakohoa. "Bosi anasema ile ya mkono wa kushoto," alidakia, akimaanisha ile ya mashine nzito. "Si ndiyo, Bosi? Ya kushoto."

"Eeh, ya kushoto," Mjomba akasema. "Ndiyo niliyomaanisha."

Rula aliacha kucheka. Alirudi kwenye kiti chake, akakaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Mambo yakaanza kumjia moja moja. Mjomba hakuwa anavuka barabara tena mpaka Mkanda atangulie. Mjomba aliacha kutia rangi ramani kwa mkono, kazi aliyoipenda kuliko zote, akisema vidole vimezeeka. Na kila alipotaka kuweka sahihi, alimgeukia yeye kwanza: "Umeshaikagua? Umeikagua vizuri?" Rula alikuwa akivimba kichwa kwa swali hilo. Alidhani anaaminiwa, kumbe alikuwa anaegemewa.

Alingoja Mkanda ashuke kwenda kula, akaingia chumba cha ndani na kufunga mlango.

"Mjomba, karatasi uliyoichagua haina wekundu hata chembe."

Chini dukani msumeno ulikuwa unapasua ubao. Ulipasua mpaka mwisho, ukanyamaza.

"Ulikuwa unapima mashine," Mjomba alisema, "au unanipima mimi?"

"Nilikuwa napima mashine."

"Basi ungepima mashine!" Aliinuka kwa nguvu, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nimeanza kupima ardhi hata kutambaa hujajua. Leo unanitegea mitego ya karatasi?"

Hasira za Mjomba Rula alizijua: moto wa mabua, unawaka juu na kuzimika upesi. Alikiinua kiti, akakirudisha mahali pake, akangoja. Mjomba alikipapasa kwanza kwa mkono, kisha akakaa.

"Tangu lini?" Rula aliuliza.

"Vigingi ndivyo vilivyoanza kunipotea." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tunavipaka nyekundu ili vionekane kwenye majani, si unajua. Siku moja nikawa nimesimama juu ya kigingi, namuuliza Mkanda kiko wapi. Akanitazama tu. Kesho yake nikakuta kila kigingi kimefungwa kitambaa cheupe. Hatukulizungumza hata siku moja, mwaka mzima."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka na ushei."

"Na mimi ninayekaa nyumba moja na wewe?"

"Wewe ndiye niliyekuogopa zaidi." Mjomba alifumba macho. "Nilimwahidi mama yako kwamba nitakuwa ukuta wako. Ukuta hausemi kwamba una ufa."

"Ufa usipozibwa, Mjomba, mwisho wake unaujua."

"Naujua. Nimeshajenga vya kutosha."

Wote wawili walitaka kucheka, ikashindikana.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, asiyezunguka katika maneno. Alimfungulia Mjomba kitabu chenye namba zilizofichwa ndani ya vidoa vya rangi, na Mjomba hakusoma hata moja. Vikafuata vipimo vingine, taa nyingine, dawa za matone. Mwishoni alivuta kiti, akakaa mbele yao.

"Mishipa inayopeleka picha kutoka machoni imechakaa," alisema. "Kilichopotea hakitarudi, mzee wangu. Tunachoweza ni kukilinda kilichobaki, ukishika dawa."

"Nimebakiwa na nini?"

"Nyuso utaziona. Maandishi makubwa utasoma. Rangi ndizo zimetangulia."

Mjomba aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mteja anayesomewa vipimo vya kiwanja chake. Nje, kwenye benchi la ukumbini, aliinamisha uso viganjani. Siku ya kumzika dada yake, Mjomba hakutoa chozi. Aliwashika watu wengine mabega. Sasa alilia, mbele za watu, na Rula akamshika yeye bega, akimwangalia kwa ukali kila aliyegeuka kutazama.

Alipotulia, neno lake la kwanza lilikuwa la kazi. "Kila kiwanja nilichowekea sahihi tangu vigingi vianze kunipotea, kirudiwe. Nenda na Mkanda. Msinifiche kitu."

Rula alimwomba wakala awaachie mashine kwa muda zaidi, akaanza kutembea. Kiwanja baada ya kiwanja, alisimamisha darubini mahali aliposimama Mjomba. Mkanda alivuta mkanda bila mizaha yake ya kawaida. Siku moja tu alisema, bila kuulizwa: "Nilidhani namsitiri, Rula. Sikujua kwamba namwacha peke yake." Rula alitamani kumkaripia. Alishindwa, akampokea mkanda ulioanza kumlemea.

Ramani zilikuwa sahihi, isipokuwa moja. Katika kiwanja cha muashi mmoja mstaafu, Mjomba alikuwa ameshika kigingi cha ua wa kale badala ya kigingi cha mpaka, na Mkanda siku hiyo alikuwa upande wa pili. Muashi alikuwa anajijengea nyumba ya uzeeni. Ukuta wake mmoja ulikuwa umekwisha kupanda hadi kiunoni, ndani ya ardhi ya jirani.

"Nitakwenda kumwambia mimi," Rula alisema.

"Sahihi ni yangu," Mjomba akajibu. "Na mdomo utakuwa wangu."

Walimkuta muashi anakoroga zege. Mjomba hakutafuta pa kujificha. Alimweleza habari ya macho, ya kigingi, ya mwaka mzima wa kunyamaza. Muashi alisikiliza huku koleo likining'inia mkononi. Alipoelewa, aligeuka akautazama ukuta.

"Tofali hizi nimezipanga kwa mikono yangu."

"Najua."

"Ungeninyamazia tu. Nani angejua?"

"Mimi ningejua. Na jirani yako akija kupimisha, ungevunja nyumba nzima, mimi sipo tena wa kuulizwa."

Muashi aliusogelea ukuta, akaugonga kwa nyundo, polepole, akisikiliza. "Saruji haijashika sana," alisema, zaidi kwa ukuta kuliko kwa watu. "Nyingi zitatoka nzima." Kisha akamgeukia Mjomba. "Leo sikusamehe. Ila nishikie hiyo ndoo."

Mjomba alivua koti. Alishika ndoo, akabeba tofali alizopewa, akizipapasa kingo kabla ya kuzipanga chini. Rula na Mkanda walipima kona upya, wakavuta kamba mahali ambapo ukuta ulipaswa kuwa. Saruji mpya na fundi wa kusaidia vilitoka ofisini. Muashi hakusema tena neno la hasira wala la upole, ila jioni ilipoingia alimmiminia Mjomba maji ya kunawa mwenyewe.

Wakala aliporudi, alikuta utepe umeshavutwa na mashine ya mbio inatoa wekundu kama kawaida. Akaisifu sana.

"Mbio zake hatuna pa kuzipeleka," Rula alimwambia. "Tunabaki na nzito. Inakula karatasi nene, haiogopi maji, na kioo chake kinameza ramani kubwa. Na tazama hapa." Aliweka barua juu ya kioo, akabonyeza kitufe, karatasi ikatoka na herufi nene kama vidole. Akampa Mjomba, na Mjomba akaisoma kwa sauti tangu tarehe hadi salamu za mwisho, bila kukwama.

Ramani ya dada wawili ndiyo ya kwanza kutoka kwa sahihi ya Rula. Mjomba alikuwa chumba cha pili na hakuomba kuletewa.

Aliendelea kuja ofisini. Alipokea wateja, aliwaamulia ugomvi wa mipaka, mchana aliskani ramani zake za zamani, akikuza kila moja hadi mistari imtosheleze. Siku nyingine alibaki nyumbani. Siku hizo kiti chake kilikaa kitupu, na Rula akawapokea wateja mwenyewe.