Roboti Aliyetiwa Macho Kwanza

Usiku wa kuamkia leo niliota roboti wangu ananitazama, na wala sikushangaa, maana kosa lilikuwa langu.

Kwenye banda letu la wachoraji, macho hutiwa mwisho. Unapaka rangi ya chini, unaacha ikauke, unachora watu na nyumba, halafu siku ya kumaliza ndipo unadondosha doa jeupe kwenye kila jicho. Mimi nilikuwa nachora mtaa wetu wa mwaka 2090, na kwa pupa ya kumwona roboti aking'aa, nikamtia macho yake mawili siku ya kwanza kabisa. Wiki nzima akanitazama nikichora yaliyobaki. Mzee Chande, fundi aliyenifundisha kazi, alinifokea: "Mshamu, unamwonyesha nyumba kabla haijaezekwa!" Nikacheka.

Kwenye ndoto sicheki. Nimekaa barazani kwetu, picha imeegemea ukuta. Mama yangu, Bi Somoe, yumo ndani ya picha, amekaa kwenye kigoda. Mama ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mwaka wa pili huu anajua tu kama kumekucha au kumekuchwa. Hospitali wametuambia tusubiri zamu, na mimi naogopa zamu itafika akiwa hana tena cha kuponya. Basi angalau pichani nataka aone. Ni yeye peke yake ambaye sijamtia macho.

Nachukua kopo la rangi nyeupe.

"Nimekwisha," linasema kopo. "Na usinitikise, mimi si njuga."

"Jana ulikuwa nusu."

"Muulize huyo anayetazama."

Roboti anatoka 2090, kimo chake njiti ya kiberiti. Kila hatua anaongezeka, kwa kuwa kilicho mbali ni kidogo na kilicho karibu ni kikubwa, na hata yeye hana ruhusa ya kuivunja kanuni hiyo. Akifika barazani, kichwa kinagusa bati. Ana kutu mashavuni.

"Shikamoo," namwambia, kwa heshima ya ile kutu.

"Acha mitego. Mimi bado sijazaliwa. Shikamoo wewe."

"Marahaba. Rangi yangu iko wapi?"

"Nimeinywa. Nilikuona unanificha kitu."

Sasa baraza si baraza tena, ni ofisi. Roboti amekaa nyuma ya dirisha la kioo. Niko kwenye foleni ya mtu mmoja, na bado mimi ni wa pili.

"Naomba doa moja tu," nasema. "La mama yangu."

"Nyuma yangu kuna nini?"

"Sijakuelewa."

"Umechora nguzo, nyumba, watu wenye mabawa. Nyuma yangu sikukuona ukichora. Nikigeuka, picha inageuka nami. Nashuku hakuna kitu."

Nyuma yake kulikuwa na ubao mtupu, na nilijua.

"Kuna mji mkubwa," nikasema.

"Umemeza mate. Halafu wewe ndiye mchoraji, huwezi kuwa shahidi. Mama yako je, husema kweli?"

"Mama akidanganya hucheka. Hajawahi kuufikisha uongo mwisho."

Anafikiri mpaka saa ya ukutani inachoka na kukaa chini. Kisha anabandua doa la jicho lake la kushoto kwa ukucha, analipitisha chini ya kioo. "Ni la kuazima. Nikisikia hakuna kitu, linarudi."

Nikambandika mama. Doa likajigawa mawili lenyewe, sikuhoji. Mama akainuka, akamzunguka roboti taratibu, mkono kiunoni. Roboti anatetemeka hadi skrubu zinalia.

"Nyuma yako kuna uani," mama anasema. "Pameanikwa nguo. Kuna shati lako dogo, halijakauka."

Namkazia macho mama. Hacheki.

"Langu?" roboti anauliza.

"La nani tena? Lina kutu kwenye kola."

Roboti akajipapasa shingoni. "Basi abaki nalo jicho," akasema. "Mtu mwenye kwao anatosheka na moja." Akaanza kurudi zake, akipungua.

Nikaamka. Kulikuwa kumepambazuka. Kutoka ukumbini, nilikoiacha picha ikauke, nikasikia sauti ya mama.

"Mshamu, huyu wa bati mbona umempa jicho moja?"

Jana nilimwacha na mawili. Nikatoka chumbani nikinyata, nikamshuku mama mwenyewe: labda alipapasa picha kwa kidole akaifuta rangi mbichi. Lakini vidole vyake vilikuwa safi, na mikono aliifumbata kifuani.

Akageuka. Akanitazama kuanzia miguuni, akapanda polepole hadi usoni, akashika mdomo.

"Mwanangu," akasema, "mbona umekonda hivi?"