Mshahara wa Marehemu

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, mwaka wa hamsini na tano, Dinah alikuwa akichemsha sindano kwenye stovu ya dispensari wakati dresa mpya, mfunga vidonda, alipofika. Ilikuwa saa mbili kasoro robo asubuhi. Wagonjwa kumi na saba walikuwa wameketi kwenye benchi la nje, wengi wao wakataji waliochomwa na miiba ya mkonge, na mmoja aliyebeba meno yake mawili ndani ya kitambaa. Dresa huyo alikuwa mtu mrefu, mwembamba, amevaa kaptura ya jeshi iliyopigwa pasi. Alivua kofia mlangoni, akampa Dinah barua ya meneja kwa mikono miwili.

"Mimi ni Nzomo," alisema. "Kwetu ni Mtito Andei. Nilikuwa dresa jeshini, nikafa Burma mwaka wa arobaini na nne."

"Ulikufa na nini?"

"Kuhara."

Dinah aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Bendeji unajua kufunga?"

"Najua, mama."

"Basi nawa mikono."

Shamba hilo la mkonge lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka stesheni ya Voi, na watu wa huko hawakuwa wageni wa mambo ya vita. Wengi walikwenda, na waliorudi hawakurudi wote kwa namna moja. Wenzake Nzomo waliokuwa hai waliletwa kwa meli mwaka wa arobaini na sita. Yeye jina lake halikuwamo katika orodha ya abiria, kwa hiyo alirudi kwa miguu, na safari ikamchukua miaka kumi na zaidi. Alipofika kwao alikuta mama yake amezikwa na mke wake ameolewa na fundi cherehani wa Kibwezi, ana watoto wanne wa fundi huyo. Aliona si vizuri kuwasumbua. Akapanda treni mpaka Voi kutafuta kazi.

Alikuwa mfanyakazi mzuri. Mikono yake ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na wenye homa walimpenda upesi. Walijipanga ili awashike paji la uso, na wengine walilala palepale akiwa bado amewashika. Hakutoka jasho, na shati lake lilikaa safi wiki nzima. Jambo lililomshinda lilikuwa mapigo ya moyo. Alishika kifundo cha mkono wa mgonjwa, akatega sikio, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akamwita Dinah kwa sauti ya chini.

"Mama Wakesho, nimesahau yanavyotakiwa kuwa."

Dinah alimfundisha upya. Aliviweka vidole vya Nzomo juu ya mkono wake yeye Dinah, akamwambia ahesabu. Alimfundisha pia kuzalisha, kwa sababu jeshini hakukuwa na uzazi, na kupima dawa za watoto, na kumjua mgonjwa anayejisingizia ili asiende kukata mkonge. Alikuwa na miaka tisa katika dispensari ile. Alijifunza kazi katika hospitali ya misheni kule milimani, akashuka na mumewe Fanuel, aliyepata kibarua kwenye mashine ya kuchana singa za mkonge. Fanuel alifanya kazi katika vumbi lile jeupe mpaka likamjaa kifuani, akafa mwaka wa arobaini na tisa, akazikwa kwao Mbololo. Dinah alibaki na binti mmoja, Wakesho, na chumba kimoja katika safu ya nyumba za vibarua. Nyumba ya dresa, yenye vyumba viwili na paa la mabati, ilikuwa imefungwa siku zote hizo. Nzomo ndiye aliyepewa ufunguo.

Mishahara ilitolewa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye meza barazani mwa ofisi. Karani Alexander, kijana wa Wundanyi, aliita jina na kiasi kwa sauti, ili asiwepo mtu wa kudai baadaye kwamba hakusikia. Dinah aliitwa kwanza.

"Dinah wa dispensari. Shilingi sitini na tano."

Aliweka kidole gumba kwenye wino, akakibandika kwenye karatasi, ingawa alijua kuandika. Wanawake wote walibandika kidole. Alikuwa bado anafunga pesa kwenye ncha ya leso yake Alexander alipoita tena.

"Nzomo wa dispensari. Shilingi mia moja na arobaini."

Nzomo alitia sahihi. Dinah alishuka ngazi za baraza, akapita mbele ya foleni, akaanza kuelekea nyumbani. Alipofika kwenye tangi la maji aligundua kwamba hakuwa amemsalimu mtu yeyote njiani, wala hakukumbuka waliomsalimu.

Jumatatu alikwenda kwa Alexander kabla ya kufungua dispensari.

"Karani, hapakuwa na makosa Jumamosi?"

Alexander alijua anachoulizwa. Alifuta kalamu yake kwa kitambaa, taratibu.

"Hakuna makosa, mama. Kuna mshahara wa dresa mwanamume na kuna wa dresa mwanamke. Ukitaka, mwone meneja. Lakini mimi nimekwambia."

Meneja alikuwa mzungu mnene aliyeishi kwenye shamba hilo tangu kabla ya vita. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alimkaribisha Dinah asimame karibu na feni, akamsikiliza mpaka akamaliza.

"Hii mtu iko mwanaume," alisema. "Mwanaume iko na nyumba. Iko na watu ya kulisha."

"Hana mtu, bwana. Hali chakula. Amekufa."

Meneja alivuta faili, akalifungua, akalisoma. Alitaka kuwa mwenye haki.

"Ndiyo," alisema. "Yeye kufa. Mimi najua, karatasi iko hapa. Lakini iko mwanaume."

"Mimi nina mtoto. Amepasi mtihani. Ametakiwa shule ya bweni kule Wundanyi, na karo ni ya kulipwa kabla ya mwezi wa tano."

"Pole sana, Dinah. Wewe najua kazi. Kila mtu nasema wewe najua kazi." Alilifunga faili. "Lakini hapa iko mahali ya mwanaume na mahali ya mwanamke. Mahali ya mtu ya kufa, hapana."

Akampa machungwa matatu kutoka kwenye bakuli la mezani, akamfungulia mlango mwenyewe.

Nzomo alizisikia habari hizo siku ileile, kwa kuwa ofisi na dispensari zilitenganishwa na ukuta wa mbao tu. Jioni alikuja na mkebe wa biskuti, akauweka juu ya meza ya dawa. Ndani mlikuwa na mshahara wake karibu wote. Hakuwa amenunua kitu cha maana.

"Chukua, Mama Wakesho. Mimi sina pa kuzipeleka."

"Ni zako."

"Sioni njaa. Sioni baridi. Nilinunua kiberiti tu, halafu nikakumbuka sina cha kuwasha."

Dinah alikuwa akifuta meza. Alifuta kuzunguka mkebe, bila kuugusa.

"Nikichukua, Bwana Nzomo, itakuwa umenisaidia. Mimi sikwenda kule kuomba msaada."

Nzomo aliuacha mkebe palepale. Hakuwa mtu wa kubishana. Asubuhi yake alikwenda kwa meneja kuomba wabadilishane mishahara, yeye achukue wa Dinah na Dinah achukue wake. Meneja alimweleza kwamba mshahara haubadilishwi kama koti. Kama yeye hautaki wote, anaweza kutia sahihi, na kile alichokikataa kitabaki kwa kampuni. Nzomo aliuliza kama kitakwenda kwa dresa mwingine. Meneja alisema hakitakwenda. Nzomo akarudi kazini, akaosha chupa, na siku hiyo yote wagonjwa walisema mikono yake ilikuwa baridi kuliko kawaida.

Wiki mbili baadaye Dinah aliomba ruhusa ya Jumamosi. Alipata nafasi kwenye lori la mboga lililokuwa likirudi Mbololo tupu, akashuka karibu na boma la mama mkwe wake, Loise, saa kumi jioni. Loise alikuwa akipepeta mahindi. Alimpokea mkwewe, akampa maji, hakumuuliza kilichomleta.

"Umefanya vizuri kuja Jumamosi," alisema. "Ndiyo siku yake."

Fanuel alitoka migombani jua lilipozama, kwa njia inayotoka kaburini kwake. Alikuwa amevaa suti aliyozikwa nayo, na udongo ulikuwa umemkauka magotini. Aliketi kwenye kigoda alichokuwa akikalia zamani, na mama yake akamwekea sahani ya viazi vitamu mbele yake, ingawa hakula. Dinah alikuwa hajamwona kwa miaka sita, kwa sababu Fanuel hakushuka bondeni, na Dinah Jumamosi zote alikuwa kazini.

"Umekonda," Fanuel alisema.

"Kazi."

"Wakesho je?"

"Amepasi."

"Mama aliniambia. Nilifurahi sana." Alitabasamu, na Dinah akaliona lile pengo la jino lililovunjika siku ya arusi yao kwa kuuma muwa.

Dinah alihisi kuna kitu kimekosekana, ikawa haelewi ni nini. Kisha akaelewa. Fanuel alikuwa hakohoi. Miaka yao miwili ya mwisho ilikuwa ya kikohozi tu, usiku na mchana, mpaka majirani wakazoea kulala nacho. Sasa alikaa wima, kifua kimetulia, na palisikika tu mlio wa ungo wa Loise.

"Kuna kazi, Fanuel," Dinah alisema. "Pale dispensari. Wanachukua watu wa hali yako. Hata ukiwa wa kufagia na kuteka maji tu, wewe na mimi tukiweka pamoja, Wakesho atasoma. Na itakuwa pesa ya nyumba yetu. Haitakuwa ya mtu."

Fanuel aliiangalia mikono yake.

"Ni shamba lilelile?"

"Ni lilelile."

"Katuku amerudi huko. Unamkumbuka Katuku? Tulikuwa naye kwenye mashine. Alikufa mwaka mmoja baada yangu, akarudi kwa ajili ya wanawe."

"Namwona. Anafagia stoo."

"Anakohoa?"

Katuku alikuwa akija dispensari kila Alhamisi kuchukua dawa ya kifua, na ilikuwa haimsaidii.

"Anakohoa," alisema.

"Kikohozi kilimrudia siku ya kwanza, alipofika tu getini. Na mtu hafi mara mbili, Dinah. Kikianza sasa hakina mwisho."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Halafu akasema, "Lakini ukiniambia nije, nitakuja."

Loise aliacha kupepeta. Hakumtazama Dinah, alitazama mahindi yaliyokuwa kwenye ungo.

"Mwanangu," alisema, na haikujulikana anamwambia nani kati ya wawili hao.

Dinah alivuta sahani ya viazi, akamenya kimoja, akakila chote. Kilikuwa kitamu, na alikuwa hajala tangu asubuhi.

"Kaa," alimwambia mumewe. "Nilikuwa nauliza tu."

Walizungumza mambo mengine mpaka giza lilipoingia: shamba la kaka yake Fanuel, mvua, mchungaji mpya aliyeimba kwa pua. Fanuel alipoinuka kwenda alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi kama wa Nzomo, lakini Dinah aliujua.

Jumatatu mkebe ulikuwa bado juu ya meza ya dawa. Hakuna aliyeuondoa. Dinah alikwenda mpaka pale, akaufungua, akachukua karo ya muhula mmoja na bei ya blanketi na viatu, akaufunga tena.

"Asante, Bwana Nzomo," alisema.

"Usinishukuru, Mama Wakesho."

"Lazima nikushukuru. Ndivyo ilivyo."

Wakesho alipanda kwenda Wundanyi mwanzo wa muhula, akiwa na sanduku la bati kichwani na viatu vikimbana kidogo. Habari za karo zilienea shamba zima. Kanisani mchungaji alimtaja Nzomo katika maombi, na wanawake wa kisimani wakawa wanasema marehemu yule ana roho nzuri kuliko wengi walio hai. Walimwambia Dinah amepata bahati kufanya kazi na mtu kama huyo. Dinah alikubali, maana kuhusu roho ya Nzomo hawakusema uongo. Kila mwisho wa mwezi alikwenda barazani, akabandika kidole, akapokea sitini na tano zake.

Mwezi wa tisa ilikuja barua ya ofisi. Nzomo amefanywa mkuu wa dispensari, kwa kuwa katika miezi sita hakuwa amekosa kazi kwa ugonjwa hata siku moja. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama, kisha akaipeleka kwa Dinah, aliyekuwa akimfunga mtoto mguu.

"Mama Wakesho," alisema, "mkuu hufanya nini?"

Dinah alimaliza kufunga fundo, akamshusha mtoto chini. Akamweleza. Mkuu huja kabla ya wagonjwa, akawasha stovu. Huagiza dawa wiki tatu kabla hazijaisha, kwa sababu treni huchelewa. Huwapitia wajawazito majumbani Jumatano, na huwaandika wale ambao waume zao hawataki waandikwe. Humjua anayeumwa na kunyamaza. Aliendelea hivyo kwa muda, bila kusitasita, kwa kuwa hakikuwamo kitu ambacho hakuwa akikifanya, na Nzomo akayaandika yote kwa penseli, kwa ule mwandiko mzuri wa jeshini. Alipofika mwisho alimpa Dinah karatasi aangalie kama amesahau jambo.

Dinah aliisoma. Alisahihisha jina la dawa moja, akamrudishia, akaenda mlangoni kumwita mgonjwa wa kwanza.