Uzito wa Kutua

Mchomea vyuma alikaa juu ya debe kando ya uwanja, akitafuna njiti ya kiberiti na kujisifu kimoyomoyo. Juu angani mdogo wake, aliyeitwa Kipanga tangu utotoni kwa kupenda kukwea mapaa, alikuwa akizunguka na ndege waliyoiunda kwa miaka sita katika karakana ya mageti na madirisha. Majirani waliowacheka miaka yote hiyo sasa walikuwa vinywa wazi.

"Injini ni mpya, izungushe saa nzima," alikuwa amemwambia kabla hajaruka. "Isipungue hata dakika. Halafu utue na tangi jepesi. Hata ukikosea, moto hauwaki."

"Sawa, kaka."

Sasa pembeni ya mchomea vyuma alisimama mke wa Kipanga na shuka jeupe la kitandani kwao. Redio hawakuwa nayo. Walikubaliana kwamba shuka likitandikwa kwenye majani, maana yake ni njoo utue.

Dakika ya thelathini na tano mchomea vyuma alifungua daftari la vipimo, kwa raha tu. Ndege waliipima kwa mizani tatu za dukani, moja chini ya kila gurudumu, Kipanga akiwa kitini na tangi limejaa pomoni. Kitovu cha uzito, yaani pale ambapo ukiitundika ndege kwa kamba moja itakaa sawa, kilikuwa vidole viwili mbele ya mstari mwekundu. Kikirudi nyuma ya mstari huo, mkia unakuwa mzito, pua inainuka yenyewe, na hakuna usukani wa kuishusha. Vidole viwili alikuwa ameviona vinatosha.

Tangi lilikuwa puani.

Njiti ikamdondoka mdomoni. Kila tone lililoungua huko juu lilikuwa linapunguza uzito wa mbele, na nyuma hakikupungua kitu.

"Tulipima ndege ya kuruka," alisema. "Ya kutua hatukuipima."

"Unasemaje, shemeji?"

"Tandika shuka! Sasa hivi!"

Walilitandika mbio, wakalikanyaga pembe lisipeperuke. Kipanga akapita chini, akawaona, akatikisa mabawa. Kisha akainua mkono, akagonga saa yake kwa kidole na kupanda tena. Alidhani kaka yake anamjaribu, au ameingiwa na woga wa kizee. Mchomea vyuma alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, akakilaani kinywa chake mwenyewe. Neno likishatoka halirudi.

Saa ilipotimia, Kipanga alikuja bila kuchelewa. Akapunguza injini. Pua ikainuka badala ya kushuka, ikazidi kuinuka, na ndege ikasita hewani kwenye kimo cha nguzo ya umeme. Bawa la kushoto likatangulia chini.

Moto haukuwaka. Hilo tu ndilo mchomea vyuma alilolipatia.

Walipofika, Kipanga alikuwa ameshakata roho. Dereva wa trekta, aliyekuwa akifyeka uwanja, alitikisa kichwa. "Ameuvuta usukani mno, pua ikainuka, masikini. Haraka haraka haina baraka."

Mke wa Kipanga akageuka. "Ni kweli, shemeji? Aliuvuta?"

Angeweza kunyamaza, maana marehemu hajitetei. Lakini mkono wa mdogo wake ulikuwa bado umeushika ule usukani, umeubana mbele kabisa kwenye bati.

"Hakuvuta. Alisukuma mpaka mwisho. Kosa ni langu, nilipima tangi likiwa limejaa."

Mke wa Kipanga aliutazama ule mkono. "Shuka aliliona?"

"Aliliona."

"Mbona hakutua?"

"Nilimwambia saa nzima."

Mwanamke alirudi kulichukua shuka, akalikung'uta majani, akaja kumfunika mumewe. Alichomeka kingo zake taratibu, kama mtu anayetandika kitanda.

"Mimi alinibishia kila siku," alisema bila kuinua uso. "Wewe hakuwahi kukukatalia jambo."