Kitambaa Chekundu Kwenye Mlango wa Jiko

Shangazi Noreen alinikabidhi kile kitambaa kwenye korido ya hospitali, mjini Hobart, kabla hata hajanipa pole. Kilikuwa kimekunjwa mara nne, vizuri, kama leso ya mtu anayekwenda kanisani.

"Kilikuwa mfukoni mwa shati la baba yako," akasema. "Nikaona nikupe kabla manesi hawajakitupa."

Nilikijua. Nilikikata mwenyewe kutoka kwenye blauzi yangu ya zamani. Na kwa kuwa nilikikuta kimekunjwa hivyo, nilijua palepale, nimesimama na mabuti ya mpira yenye matope, baba yangu alikuwa anawaza nini wakati anawasha kiberiti. Alikuwa anacheka.

Mama alipofariki, Baba aliuza nyumba yetu ya Cygnet akahamia kwenye mashua yake, Corella. Watu wote wa gatini walisema hamalizi msimu mmoja wa baridi mle ndani. Mbao za miaka hamsini. Julai ukungu unashuka na mto Huon unaingia mpaka kwenye soksi, na asubuhi dari la mashua linakutonea usoni kama mtu anayekulilia. Baba hakutaka kusikia habari ya nyumba ya kupanga. Mimi nikasema, basi tumtafutie jiko.

Majiko ya dizeli ya kupasha joto mashua, ukiyachambua, yapo ya namna mbili. Kuna la feni. Hilo unalificha kabatini, linavuta dizeli kwa umeme na kupuliza hewa ya moto kwenye mabomba. Unabonyeza kitufe, basi. Linanguruma kama mashine ya kukaushia nywele, na linakula betri kama mjomba aliyekuja kusalimia akahamia. Halafu kuna la chungu. Ni pipa dogo la chuma, limefungwa ukutani, dizeli inalidondokea yenyewe tone kwa tone, moshi unatoka kwa bomba mpaka juu ya sitaha. Halina kelele, halitaki umeme, na mlangoni lina kioo, moto unauona. Ila linataka kutunzwa. Masizi yakwanguliwe, kisindano cha dizeli kizibuliwe, bomba lipigwe brashi kila mwezi.

Baba alitaka la feni. "Nibonyeze, nilale," alisema. "Mimi na kubembeleza moto wapi na wapi."

Mimi nilikuwa nimesoma uhandisi miaka miwili na nusu nikaacha, kwa hiyo nilizungumza kama mtu mwenye vyeti vitatu. Nikamweleza habari za betri, nikachora na mchoro nyuma ya bahasha. Hakushtuka. Mwisho nikamwambia, "Na jioni utakaa unatazama nini, Baba? Kitufe?"

Akaigeuza ile bahasha. Kule nyumbani yeye na Mama walikuwa wanakaa mbele ya moto kila jioni, hawasemi kitu, mpaka chai zinapoa.

"Haya, la moto," akasema. "Lakini masizi utakwangua wewe."

"Nitakwangua."

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nilikuwa nakwenda. Hilo nalisema kwa sababu ndilo pekee ninaloweza kujisifia katika habari hii.

Sasa, pale gatini kuna desturi. Ukitoka kwenda kutweka tanga, juu ya bomba la moshi unafunika kopo, kamba zisinase na maji ya chumvi yasiingie. Kila mashua ina kopo lake. La Noreen ni la kahawa, letu lilikuwa la maziwa ya unga. Na kwa kuwa binadamu ni msahaulifu, mkono uliofunika kopo kule juu ndio huohuo unaoshuka ndani kufunga kitambaa chekundu kwenye kitasa cha mlango wa jiko. Ukikikuta kitambaa, huwashi. Unapanda juu kwanza, unalitoa kopo kwa mkono wako, ndipo unakifungua. Watoto wa pale wanalijua hili kabla hawajajua kufunga kamba za viatu.

Mimi niliona hapa pana utani.

Msimu ule wa kwanza, wa Baba na jiko lake, nilikuwa nanyemelea ndani yeye akiwa bafuni kule klabu ya mashua, nafunga kitambaa, na juu hakuna kopo wala nini. Anarudi, anakikuta, anapanda sitahani na ndara kwenye mvua, anakuta bomba tupu. Mimi niko gatini nakula pai, nampungia.

"We mtoto, una miaka thelathini na moja!"

"Na wewe una sabini na mbili, Baba, na bado unapanda."

Alilipiza. Alitia chumvi kwenye sukari yangu. Kiatu changu kimoja kililala kwenye friza ya klabu pamoja na chambo. Noreen, ambaye anashona matanga kwenye banda la pembeni na alinijua tangu nikiwa na nepi, hakucheka hata siku moja. "Hicho kitambaa si cha kuchezea, Pip," aliniambia.

"Shangazi, mzaha unamzuia mzee asizeeke."

Nilichomficha ni kwamba tangu tumzike Mama, sikuwahi kumsikia Baba akicheka mahali pengine popote.

Nilifanya hivyo mara nne, labda tano. Mara ya mwisho hakupanda. Alitoa kichwa tu mlangoni, kitambaa anacho mkononi ameshakifungua, akanitazama kwa jicho moja, lingine amelifumba. "Safari hii hunipati." Tukacheka mpaka mbwa wa Noreen akaanza kubweka. Sasa naona yote yalikuwa pale, mbele ya macho yangu, mchana kweupe. Alikuwa amekifungua kabla ya kuangalia bomba.

Jumapili ya kwanza ya Julai, mwaka uliofuata, nilikuja na brashi zangu. Nilikwangua chungu mpaka chuma kikang'aa, nikazibua kisindano, nikapiga bomba, nikawa na masizi mpaka viwikoni. Tulipomaliza jua likachomoza mawinguni, ile rangi ya siagi ya majira ya baridi, na Baba akataka tutoke kidogo.

"Nifunike kopo?" nikamuuliza.

"La nini? Hakuna upepo. Tunakwenda na injini hapo kwenye ncha ya rasi, tunarudi."

Tukatoka. Baba alikuwa kwenye usukani nyuma, anagombana na injini. Tulipofika kwenye ncha upepo wa kusini-magharibi ukaamka, mawimbi yakaanza kuturukia. Nilikuwa mbele nashughulika na kamba. Nikafanya nilichofundishwa: nikachukua kopo, nikafunika bomba. Bomba letu liko nyuma ya kihori tulichokuwa tumekifunga kifudifudi juu ya paa, mtu wa usukani halioni. Nikashuka ndani, nikafunga kitambaa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze utani ule nilikifunga kwa haki.

Saa tisa tulikuwa tumerudi. Nilikuwa na zamu kazini Hobart, nikambusu shavuni, nikakimbilia gari.

Sikumwambia. Nimeipekua alasiri ile kama mtu anavyopekua koti kutafuta ufunguo, mfuko kwa mfuko, na hilo neno halimo. Nilifunga kitambaa, na kitambaa ndicho kilichokuwa neno. Kazi yake ni hiyo.

Yaliyobaki aliniambia Noreen kwenye ile korido. Alipita gatini kama saa kumi, akamkuta Baba amechuchumaa mbele ya jiko na chupa ya spiriti ya kuwashia.

"Akanionyesha kitambaa," Noreen alisema. "Akasema, 'Pip kanifungia tena. Kopo lenyewe nilimwambia asiweke. Safari hii hanipati.' Akakikunja akakitia mfukoni." Akatazama sakafu. "Nami nikacheka, Pip. Siku zote nakugombeza, siku hiyo ndiyo nikacheka."

Alikwenda kumletea supu. Baba akawasha, akafunga mlango wa juu kwa ajili ya mvua, akajilaza kungoja joto. Pua yake ilikufa zamani, miaka arobaini ya kupaka mashua za watu rangi. Kile kikengele cha kunusa hewa mbaya, tulichokinunua pamoja na jiko, kilikuwa kinapiga kelele kila akichoma mkate, kwa hiyo alikuwa amekitia kwenye droo ya soksi. Noreen aliporudi na bakuli aliona moshi unajipenyeza chini ya ukingo wa kopo, kama mvuke wa sufuria iliyofunikwa. Ana miaka sitini na minane. Alimburuta Baba mpaka nje peke yake.

Alipona. Wiki mbili alikuwa mzima kabisa, anatania manesi. Wiki ya tatu akaanza kuvaa shati kichwa chini, na madaktari wakanieleza kwamba moshi ule una tabia hiyo, unaondoka halafu unarudi kuchukua ulichosahau.

Sasa yuko kwenye nyumba ya wazee kule Franklin, dirisha lake linatazama mto. Siku nyingine anauliza Mama ameenda wapi. Jina langu linampotea. Lakini nikiingia ananitazama na lile jicho moja, anagusa mfuko wa shati. "Nimekiona kitambaa," anasema. "Safari hii hunipati."

Mara moja nilijaribu kumwambia ukweli. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake. "Baba, kopo lilikuwepo. Nililiweka mimi."

Uso wake ukafunguka, ukawa mtupu. "Mbona hukuniambia?" akauliza, kwa sauti yake ya zamani kabisa.

Nikamfunga kifungo cha shati kilichofunguka. Baada ya dakika mbili hivi akagusa mfuko wa shati, akaanza tena kutabasamu.

Sijarudia. Naishi kwenye Corella mwenyewe siku hizi, na watu wa gatini wananiita niwatunzie majiko yao. Kitambaa nimekirudisha kwenye kitasa. Hata nikiwa nimetoa kopo kwa mikono yangu miwili, napanda tena kuangalia kabla sijawasha.

Jumapili iliyopita nilikwenda Franklin moja kwa moja kutoka kazini.

"Safari hii hunipati," akasema.

"Sikupati, Baba. Umenishinda."

Akacheka, ule mcheko wake wote. Halafu akakunja uso kama anayekumbuka jambo. "Masizi umekwangua?"

Nikamnyooshea mikono. Akaishika, akaigeuza, akakagua kucha moja moja, nyeusi zote kumi, bila haraka.

"Vizuri," akasema.