Martini Kavu ya Mama Glasi

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Glasi aliosha glasi za hoteli ile, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukaa upande wa mbele wa kaunta. Alhamisi hiyo, saa kumi alasiri, alikaa. Alikuwa amestaafu jana yake. Alivaa gauni lake la buluu, na mkononi alishika kadi aliyopewa na meneja mbele ya wafanyakazi wote: kinywaji kimoja, chochote, bure. Kando yake alikaa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuja kumsindikiza na kutafuta cha kusimulia.

Alichotaka alikijua. Chumba cha kuoshea vyombo kilipakana na baa, katikati pana kidirisha, na kupitia kidirisha hicho alimsikia kila mtu akiagiza. Wengi waliagiza ovyo ovyo, "nipe chochote kikali," kama watu wanaokimbia mvua. Lakini palikuwa na hakimu mmoja, mwanamke, ambaye alisema bila haraka na bila kuinua sauti: "Martini ya jini, kavu, ikorogwe, ganda la limau, na glasi itoke kwenye friji." Kisha alinyamaza, na nyuma ya kaunta watu walishika adabu. Mama Glasi alikuwa akifunga bomba ili asikie vizuri.

Maneno yale aliyajua kuliko namba yake ya simu. Leo ilikuwa zamu yake kuyasema, na kuhudumiwa kama alivyohudumiwa hakimu. Hakutaka kingine, hata ile saa ya ukutani waliyomzawadia angewaachia.

Mhudumu wa kaunta alikuwa mgeni kazini, masharubu yamechongwa vizuri, cheti chake cha chuo cha hoteli kimetundikwa juu ya chupa. Aliangalia mlango, akaangalia simu yake, akaangalia kila kitu isipokuwa mteja.

"Juisi tunayo ya embe na ya nanasi, mama."

"Sikuulizia juisi." Mama Glasi alinyoosha mgongo, akayasema yote, kuanzia martini mpaka friji, bila kukosea hata neno moja.

"Hiyo ni kali, mama yangu. Utatuangukia hapa tupate kesi."

"Jini kavu?" wifi alidakia. "Kumbe kuna na la majimaji? Mimi najua jini linafukuzwa, sikujua linawekewa limau!"

Mhudumu alicheka, wifi akacheka. Mama Glasi hakucheka. Mtu akikuchekea siku yako ya kwanza ya heshima hujui umkate jicho au umkate kofi.

Mhudumu alichukua glasi ya maji, akamimina jini la rafuni, la uvuguvugu, akaisukuma mbele yake. "Kavu hiyo, kama ulivyotaka. Sijatia hata tone la kitu kingine."

Tuseme ukweli, mitaani kupiga kavu ndiko huko: pombe yenyewe, bila kuchanganya. Lakini kwenye martini, kavu maana yake vermuthi, ile divai ya viungo inayochanganywa na jini, iwe kidogo sana, na kidogo siyo sifuri. Mtu anaweza asijue, na kuuliza si ujinga. Kilichompandisha mori Mama Glasi hakikuwa kutojua. Ni kwamba hakimu angeulizwa. Hakimu angeulizwa mara tatu, kwa kuinamiwa, halafu angeombwa radhi. Yeye alimiminiwa tu, kama mtu anayejaza ndoo.

"Rudisha hiyo," alisema.

"Mama, ya bure hairudishwi."

"Nimesema rudisha!"

Sauti ilimleta meneja, na tabasamu lake lile la kupokelea wageni. "Mama Glasi wetu! Kulikoni?" Alielezwa. Aliitazama ile glasi ya maji, akacheka kidogo. "Sasa hili nalo la kugombana? Wewe si unayajua haya? Pita huko nyuma ujitengenezee unavyopenda, hapa ni kwako. Na aliyechukua nafasi yako leo hakufika, kwa hiyo ukishafika huko, zile glasi chache ukizipitishia maji utakuwa umetusaidia sana."

Alisema hivyo kwa upendo kabisa. Hilo ndilo lililouma.

Na miguu ya Mama Glasi iliinuka. Iliinuka yenyewe, na mkono ukaenda kiunoni kutafuta aproni. Alipojigundua amesimama, hasira ilimjaa mpaka masikio yakaziba, hasira kwa meneja, kwa yule wa masharubu, na zaidi ya vyote kwa miguu yake mwenyewe. Alikaa tena, kwa kishindo.

"Meneja, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si ndivyo? Mimi mlinipa jembe siku ya kwanza, nikalima miaka ishirini na miwili. Leo ndiyo naanza ugeni. Huko nyuma siendi. Nihudumieni."

Watu wa meza za jirani waligeuka. Wifi alimvuta gauni: "Wifi yangu, chukua embe twende." Mama Glasi aliung'oa ule mkono.

Meneja alimwambia mhudumu afanye. Glasi ilitoka kwenye friji, barafu ikalia, kijiko kirefu kikazunguka, vermuthi ikaingia kwa makadirio ya mtu aliyenuna, ganda la limau likakunjwa juu yake. Mhudumu akaiweka mbele yake.

Mama Glasi aliishika shingo ya glasi kwa vidole viwili, akanywa.

Ilikuwa mbaya. Chungu, inachoma, kama dawa ya kusukutulia meno. Miaka yote hiyo akifunga bomba kwa ajili ya kitu hiki! Karibu atoe machozi kwa hasira.

"Tamu?" wifi aliuliza.

Meneja alikuwa bado amesimama, anangoja shukrani zake. Mama Glasi aliweka glasi chini taratibu, akavuta pumzi, na safari hii hakuinua sauti.

"Haijapoa vya kutosha. Rudia."

Yule wa masharubu alimwaga ile, akatoa glasi nyingine kwenye friji, akashika chupa. Kabla ya kumimina alisita, akainama kidogo.

"Vermuthi kiasi gani, mama?"