Betri Mpya ya Miaka Mitatu

Bi Kidawa alipofika bohari ya serikali, Muhiddin, mtunza bohari, alikuwa ameshaipangusa betri vumbi kwa kitambaa kibichi.

"Shikamoo Bi Kidawa. Mzigo wako huo, tayari."

"Marahaba. Hebu ngoja niuangalie kwanza."

Bi Kidawa alikuwa mkunga wa zahanati moja nje kidogo ya Kizimkazi. Miaka kumi na tisa alizalisha kwa kandili. Mara ya mwisho alimshona Mwanakheri, mmoja wa wazazi wake, baada ya kujifungua, kandili ikiwa imeshikwa na mama mkwe aliyekuwa akitetemeka, na nyuzi hazikukaa mahali pake. Sasa Mwanakheri alikuwa na mimba nyingine, na mwezi wenyewe ndio huu. Kwa ajili hiyo wanawake wakulima wa mwani walichanga, wakalipia bohari. Sola ilishafungwa juu ya paa. Ilibaki betri tu.

Akaiinamia. Vichwani mwake kulikuwa na ukoga mweupe, na ubavuni tarehe: Machi 2000. Leo ilikuwa Juni 2003.

"Hii imekaa humu miaka mitatu, Muhiddin. Kuna aliyeitia chaji hata mara moja?"

"Aitie nani, Bi? Betri zote zilikuwa zinangoja saini ya wakubwa. Lakini mpya hii, haijatumiwa hata siku moja! Jana nimeichaji usiku kucha kwa ajili yako."

Mpya! Hata mchele uliolala ghalani miaka mitatu haujapikwa, lakini nani ataula?

Akatoa mkobani balbu ya gari yenye nyaya mbili, na tasbihi yake. Zahanati haikuwa na saa. Uchungu wa wazazi alizoea kuupima kwa punje za tasbihi, na kidole chake hakikosei. Akagusisha nyaya. Balbu ikawaka nyeupe, Muhiddin akatabasamu. Punje ya ishirini, ikawa manjano. Ya ishirini na saba, ikabaki nyekundu, kisha ikazimika.

"Mtoto hata kichwa hajatoa," Bi Kidawa alisema.

"Sasa mie n'fanye nini? Amri ni kwamba zahanati zinunue hapa tu. Na zilizobaki ndani zote zimekuja siku moja na hii. Ukiikataa, keshokutwa mwaka wa serikali unafungwa, faili linaanza upya. Mtapata nyengine labda mwakani."

"Mwakani Mwanakheri keshazaa, au keshakufa."

Muhiddin akaitafuta fomu mezani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Bi Kidawa zaidi: hapakuwa na wa kumgombeza.

Akasogezewa fomu, imeshapigwa chapa: *Nimepokea betri moja, mpya, katika hali nzuri.* Akalikata neno "mpya", akalikata na "nzuri". Juu yake akaandika polepole: *Imewaka punje ishirini na saba za tasbihi.* Akatia saini.

Muhiddin aliyasoma maneno yale mara mbili. Kisha akagonga muhuri pembeni, kwa uangalifu, asiyafunike.

Alasiri wanaume wawili waliishusha betri mlangoni pa zahanati. Mwanakheri alikuwa barazani, mkono kiunoni.

"Taa imekuja, Bi?"

"Imekuja, mwanangu," alisema Bi Kidawa, akaingia ndani kutafuta kitambaa cha kufutia chemni, kile kioo cha kandili.