Tarumbeta ya Waliorudi

Vumbi lilitangulia, ndege ikafuata. Ndivyo ilivyokuwa kila mara katika bonde lile la nyuma ya Maskati, mwaka wa sitini na tisa: vumbi lilipanda, likaifuta ngome, likaifuta milima, na ndani yake ikanguruma ndege iliyotoka vitani Dhofar.

Bendi ya walinzi ikasimama sawasawa. Watu tisa, ala nane, na sauti zilizokubaliana siku za sikukuu tu. Walikuwa na amri moja tukufu: wakirudi walio hai, pigeni, wakirudi maiti peke yao, nyamazeni, kwani maiti wa Kiislamu hasindikizwi kwa tarumbeta. Kina mama wa bondeni waliijua amri hiyo kuliko wanajeshi. Sauti, wakawasha udi. Kimya, wakavua bangili.

Thabit ndiye aliyeshika tarumbeta. Aliitoa Unguja mwaka wa sitini na nne, imeviringishwa ndani ya godoro, walipokimbia yeye, mama yake Bi Hamdiya, na mdogo wake Bakhit. Bakhit, mlinzi hodari, mtovu wa adabu: ndiye aliyesokomeza tende ndani ya tarumbeta siku ya ukaguzi, ilipopulizwa tende ikamrukia ofisa kifuani, na bendi nzima ikala adhabu kwa heshima zote.

Walinzi wanne wa bonde lile, Bakhit mmoja wao, walikuwa wamepelekwa vitani. Mlango wa ndege ukafunguka. Akashuka Aflah, mkono umefungwa bendeji. Akashuka wa pili. Akashuka wa tatu. Kisha ikashuka machela, blanketi juu, buti mbili zimetokeza.

"Ni yeye?" Thabit akauliza.

Aflah akainamisha kichwa. "Ni yeye, kaka. Jana asubuhi."

Sajini Harub, mkuu wa bendi, akamsogelea. "Watatu wazima, Thabit. Mmoja ndiye huyo. Amua wewe. Ukinyamaza, hakuna wa kukulaumu."

Akinyamaza, Bi Muhsina atamlilia mwanawe Aflah, na Aflah yu hai. Akinyamaza, nyumba nne zitalia msiba mmoja. Akipiga, nyumba nne zitafurahi, na moja itafurahi bure.

Pumzi, njoo. Midomo, tulieni.

Akapiga. Akaupiga wimbo wa kurudi tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata kipande, ngoma ikamfuata, milima ikamwitikia, na ng'ambo ya ukuta vigelegele vikapasuka, nyumba kwa nyumba. Kimoja alikijua. Kilikuwa cha mama yake.

Kisha akaomba ruhusa, akaenda nyumbani kwa miguu, ili aseme yeye kabla hawajasema wengine.

Bi Hamdiya alikuwa mlangoni, udi unafuka, anacheka.

"Nimekusikia, mwanangu! Tangu Unguja hujapiga vizuri namna ile." Akamshika mikono, akachungulia nyuma yake. "Na huyo mtundu kajificha wapi? Mwambie atoke, leo simpigi."

Thabit akafungua mdomo. Pumzi yote alikuwa ameimaliza kule. Nyuma yake vumbi lilikwisha kutua, na njia ilionekana nyeupe, wazi, mpaka mwisho wake.